Mishikaki ya Mombasa, Spoki za Kamwokya

Jumatatu, 7 Oktoba 1974

Siku ya kumi na saba ya ndoa yangu. Bado nikiamka namtazama Aber kama mtu aliyepewa fungu la mwenziwe kwa makosa na anaomba wasigundue. Leo alinichana nywele kwa mkono wake. Nilifika ofisi ya vifurushi pale stesheni nikiwa na njia kichwani iliyonyooka kuliko reli. Karani mkuu alisema, Wanyama, umependeza. Sikumbishia.

Jioni nilipokewa na habari. Mzee Otema anakuja kula kwetu Jumapili.

Mzee Otema ni amu yake Aber, aliyemlea tangu baba yake afariki. Sajenti mstaafu wa polisi ya reli. Mtu wa Gulu, sasa anakaa Ntinda na baiskeli yake, ambayo haruhusu hata nzi atue. Alikataa posa yangu mara mbili kwa kuwa mimi ni mtu wa Bungoma, wa ng'ambo ya mpaka. Mara ya tatu akakubali. Alikubali kwa sababu moja tu, na sababu hiyo niliitunga mimi.

Ilikuwa hivi. Wakati wa uchumba Aber aliniambia kwamba Mzee alitumikia Mombasa miaka miwili, na tangu atoke huko hajaonja tena mshikaki wa kweli. Muchomo wa Kampala, husema, ni nyama iliyopatwa na ajali ya moto. Nikamwambia Aber kwamba mimi mwenyewe nimekaa Mombasa nikiwa kijana, nikafundishwa mishikaki na fundi wa Mji wa Kale. Maneno yalitoka yenyewe. Alikuwa amevaa gauni la bluu. Aber akayapeleka kwa Mzee, akaapa kwa jina lake mwenyewe kuwa ni kweli. Mzee akasema mtu aliyekaa pwani amefunzwa adabu, basi achukue mke.

Ukweli, ambao nauandika hapa tu: mwisho wangu ni Nakuru. Bahari nimeiona kwenye kalenda. Mshikaki nimeula mara nyingi, sijapata kuuchoma.

Mzee akigundua, mwongo sitakuwa mimi peke yangu. Atakuwa Aber, aliyeapa. Hilo halitatokea. Nina siku sita na cheti cha kidato cha nne.

Jumanne, 8 Oktoba

Baada ya kazi nilikwenda Kabalagala kumpeleleza Ogutu.

Ogutu ni jirani yetu hapa Kamwokya, Mkenya kama mimi, na jioni huchoma mishikaki mbele ya baa moja huko Kabalagala. Sina ugomvi naye. Ila kabla ya harusi, kila Aber aliponunua mishikaki miwili Ogutu alimpa wa tatu, akisema ni nyongeza. Mfanyabiashara gani anatoa nyongeza ya theluthi nzima?

Aliponiona alipaza sauti ili walevi wote wasikie. "Karibu, Bwana Mombasa. Leo fundi amekuja kwa mwanafunzi?" Nikamjibu kwamba nimekuja kukagua, nione kama taratibu za pwani zinafuatwa huku bara. Alicheka mpaka kipepeo chake kikaanguka kwenye makaa.

Hata hivyo nilipata nilichotaka, na sikuomba. Alijisemea mwenyewe huku akigeuza nyama. Vipande visizidi kifundo cha kidole gumba. Baina ya minofu miwili weka kipande cha shahamu. Loweka kwa limau, tangawizi, kitunguu saumu na bizari. Kisha, kulainisha, papai bichi lililopondwa: kijiko kimoja, nusu saa tu. "Ikizidi, jirani, nyama inakukimbia." Nikauliza haya yote kayajulia wapi. Anadai alifanya kazi bandarini Kilindini miaka saba. Watu wengine wana tabia ya kujisifu.

Njiani nilitafakari. Mtu aliyemkosa Aber hawezi kunipa siri ya kweli bure. Hapo ndipo elimu inaposaidia. Akisema kijiko, ujue ni papai zima. Akisema nusu saa, ujue ni siku nzima. Nyama inanikimbia! Ng'ombe mwenyewe hakukimbia.

Nilifika nyumbani nikiwa nimejaa ushindi. Aber alikuwa akisahihisha madaftari ya watoto anaowafundisha shule ya chekechea. Alinipa moja nitazame. Mtoto amechora baba mwenye miguu sita. Aber akampa alama zote, kwa kuwa, alisema, amejitahidi. Ndiye mke wangu huyo.

Jumatano, 9 Oktoba

Sikukuu ya Uhuru. Hakuna kazi.

Jambo la leo: vijiti vya kuchomea. Mishikaki ya heshima huchomwa kwa spoki za baiskeli, zile nyaya zinazoshika gurudumu. Ogutu anazo. Madukani hakuna, spea za baiskeli zilikwisha zamani, na mafundi wanaokotezana. Lakini mimi nina baiskeli. Ni zawadi ya harusi kutoka kwa wenzangu wa stesheni, na bado ina karatasi kwenye mhimili.

Nilihesabu. Gurudumu la nyuma lina spoki arobaini. Arobaini, kwa gurudumu moja. Hao waliotengeneza walikuwa waoga. Aber alipokwenda bombani nikang'oa kumi na mbili, nikichagua hapa na pale ili gurudumu lisijisikie vibaya. Nikazificha chini ya kitanda. Kwa macho hakuna tofauti.

Mchana Aber aliomba nimpeleke Kololo tutazame gwaride. Nilisita kidogo, lakini alikuwa amevaa lile gauni la bluu. Akakaa nyuma, mkono wake kiunoni mwangu. Nikamwambia watu wote waliojipanga barabarani wamekuja kututazama sisi. Kwenda tulifika salama. Kurudi, tulipoingia Kamwokya, gurudumu lilitoa sauti kama ya mzee anayekaa chini, likajikunja. Aber alishuka kabla halijalala kabisa, akiwa bado ameshika mwavuli wake. Mimi nilishuka pamoja nalo.

Mbele ya mlango wa Ogutu. Alitoka na kikombe cha chai, akauliza kama huko Mombasa baiskeli huendeshwa kwa ubavu.

Nilimweleza Aber kwamba gurudumu limeshindwa kubeba furaha. Alicheka, na alicheka vizuri. Kisha akaliangalia gurudumu kwa muda, akauliza lilizaliwa na spoki ngapi. Nikasema kila kiwanda kina hesabu zake.

Kuanzia kesho natembea. Kutembea kunafaa moyo.

Alhamisi, 10 Oktoba

Leo nimeng'ara. Naandika kwa unyenyekevu, lakini nimeng'ara.

Nilihitaji bizari, na zaidi ya bizari nilihitaji chumvi, ambayo siku hizi huipati mpaka ujulikane. Nikaenda duka la viungo. Lilikuwa la Mhindi mmoja aliyeondoka mwaka juzi pamoja na wenzake. Sasa ni la Concy, mke wa Koplo Ongom wa polisi. Concy alikabidhiwa duka lenye ukuta mzima wa droo ndogo ndogo, kila moja na maandishi ya Kigujarati, na hakuna aliyebaki wa kumweleza lolote. Kwa hiyo anauza kwa rangi. Mbele yangu mama mmoja aliomba vijiko viwili vya kahawia na kimoja cha kijivu.

Alinikaribisha kwa Kiswahili chake cha kambini. Alisema amesikia mimi ni mtu ya Mombasa, na huko Wahindi iko mingi, labda najua kusoma maandiko yao? Alikuwa ameshika mfuko wa chumvi.

Nikasema kidogo kidogo.

Nilisogelea ukuta, nikakunja uso kama wakili anayesoma hati. Nilipitisha kidole chini ya kila andiko, kushoto kwenda kulia, kisha, kwa tahadhari, kulia kwenda kushoto. Halafu nikafungua droo na kunusa, nikimwambia kunusa ni kuthibitisha tu. Nilimsomea droo kumi na tisa. Concy aliandika majina kwa chaki huku akiniita mwalimu. Dalasini na karafuu nina hakika nazo. Tatu au nne nilitumia busara. Moja naamini ilikuwa sabuni ya unga. Kwa usalama nimeiita viungo vya wageni.

Nimetoka na bizari, kikombe kizima cha chumvi na heshima. Concy amesema lazima amweleze mumewe. Nikamwambia asijisumbue, lakini nilisema kwa sauti ya mtu ambaye hatakasirika akisumbuka.

Aber alipoiona chumvi alinibusu kwenye paji la uso. Alitaka kujua nimeipataje. Nikasema: kwa kusoma.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nilibeba spoki kazini nizinoe kwenye jiwe nyuma ya ghala. Saa nane zilikuwa kali kama sindano. Nikazifunga kwa gazeti, kumi na mbili zote, nikaanza safari ya miguu.

Barabara ya Jinja kulikuwa na kizuizi cha wanajeshi. Tulipangwa mstari. Chini, kwenye lami, kulikuwa na kofia ya mtu, kofia nzuri ya kijivu. Hakuna aliyeiokota wala kuuliza mwenyewe yuko wapi. Sote tuliizunguka.

Mwanajeshi alifungua gazeti langu. Alizitazama spoki muda mrefu, kisha akanitazama mimi. "Wewe. Hii iko mkuki ya nini?" Nikasema si mkuki, afande, iko ya kuchoma nyama. Akauliza, "Nyama ya nani?"

Ni swali dogo. Nikatafuta neno ng'ombe kichwani na sikulikuta. Mwenzake aliyekuwa nyuma akacheka, akasema huyu ni Mkenya, wao hata baiskeli wanakula. Hapo neno likanirudia. Nikasema ng'ombe, afande, ng'ombe, ng'ombe, mara tatu, kama ng'ombe wenyewe ni watatu. Akachukua spoki mbili. Moja aliitia mfukoni, ya pili akaanza kujikunia mgongo. Akaniambia niende.

Nilikwenda. Sikugeuka mpaka nyumbani.

Nilimweleza Aber jinsi nilivyozungumza na jeshi kama mtu na mwenziwe, jinsi tulivyotaniana, na kwamba nimewaachia zawadi. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akanitoa ufunguo mkononi, kwa kuwa tulikuwa bado tumesimama nje na ufunguo ulikuwa haukubali kuingia tunduni. Alinipikia chai isiyo na sukari. Alisema Mzee angeridhika hata kwa ndizi na karanga, na kama kuna jambo ninalotaka kumwambia, anasikiliza.

Nilikaribia. Lakini nilimtazama, na yeye akinitazama kwa macho yale, nikaona haiwezekani kumpa mwanamke wa namna hii mume ambaye mwisho wake ni Nakuru.

Zimebaki spoki kumi. Zinatosha.

Jumamosi, 12 Oktoba

Foleni ya nyama tangu alfajiri. Aber alikataa nipange peke yangu. Watu wanaichukia foleni. Mimi nilitamani isiishe. Saa tatu nzima bega kwa bega na mke wangu, tukila karanga kutoka mfuko mmoja. Tumepata nyama ya paja, nzuri, yenye shahamu yake pembeni.

Saa sita mchana nikaanza kazi ya nyama. Nilikata vipande vya ukubwa wa kifundo cha kidole. Limau, tangawizi, kitunguu saumu, bizari, chumvi. Harufu ilitoka hadi uani, na nilimwona Ogutu akiinua pua juu ya ua kama mbwa wa polisi. Nikaimba kidogo.

Kisha papai. Nilikuwa nimenunua mawili mabichi, makubwa kama vichwa vya watoto. Nikayaponda yote mawili, pamoja na maji yake meupe. Aber aliuliza, taratibu, kama si mengi. Nikamwambia Mombasa hutia matatu. Nikakanda, nikafunika chungu, nikakiweka kwenye beseni la maji baridi chini ya dirisha. Hadi kesho mchana. Saa ishirini na nne dhidi ya nusu saa ya Ogutu.

Ogutu aliita kutoka upande wake. Alitaka kujua kama papai nimelitia tayari, kwa maana wageni ni kesho. Nikamjibu kwamba fundi haulizwi saa. Akasema, "Jirani, mimi nitakuwepo. Mkeo amenialika." Sikujua hilo. Aber ana moyo mpana mno.

Jumapili, 13 Oktoba

Naandika yote kwa utaratibu, maana siku kama hii huandikwa.

Mzee Otema alifika saa sita na nusu, akiwa juu ya baiskeli yake nyeusi, kengele inang'aa kama kikombe cha altare. Ameifunga kamba za rangi kwenye usukani. Aliiegemeza ukutani mwenyewe, akaifuta vumbi kwa leso, ndipo akatusalimia. Aber alipiga magoti. Ogutu alimletea kiti. Mimi nilikuwa kwenye jiko, makaa mekundu, spoki kumi zimepangwa kama gwaride.

Nikafungua chungu.

Ilipaswa kuwa nyama. Nilitia mkono nikitafuta kipande, na nilichokipata kilikuwa kama uji wa mgonjwa. Nilichagua donge lililoshikamana kidogo, nikalitunga kwenye spoki. Likateremka polepole, kama suruali isiyo na mkanda, likaanguka motoni. La pili vivyo hivyo. La tatu sikuliona hata likienda. Moshi ukapanda. Nyama ilikuwa inanikimbia, neno kwa neno kama alivyosema, na nikatambua kwa uchungu kwamba Ogutu alikuwa amenidanganya kwa kuniambia ukweli.

Wakati huo Mzee, nyuma yangu, alianza kunihoji kuhusu Mombasa. Je, yale meno makubwa ya ndovu yaliyopita juu ya barabara, bado yapo? Nikasema, nikipepea kwa nguvu, kwamba yapo, ila moja limepelekwa kutengenezwa. Mzee alikohoa. Akasema naam, hata wakati wake lilikuwa linayumba. Na bahari? Nikasema bahari ipo, maji ni yale yale, matamu, asubuhi unachota ya chai. Mzee akatikisa kichwa kwa hamu. "Matamu sana," akasema.

Nilimtazama Ogutu. Alikuwa ameinama, anatazama viatu vyake, mabega yanamtetemeka. Lakini hakusema neno. Nasema hivyo kwa haki: hakusema hata neno moja.

Ndipo Aber akaja kando yangu. Alitazama ndani ya chungu, akatazama jiko, akanitazama mimi. Nikafungua mdomo kumwambia. Akasema kwa sauti ya chini, "Pepea." Akachota unga wa muhogo ngumi mbili, akavunja yai, akakanda ule uji, na kwa vidole vyake akaufinya kuzunguka spoki, mrefu, kama watoto wake wanavyofinya nyoka wa udongo. Akaweka juu ya moto. Ukashika. Ukaanza kulia mafuta. Mimi nilipepea. Sijawahi kupepea vile maishani, na nadhani hakuna mtu katika Uganda nzima aliyewahi kumpenda mtu kama nilivyompenda yeye kwa dakika zile, unga hadi viwikoni.

Mzee alipewa wa kwanza. Aliuma. Alifunga macho. Sikupumua, na Aber, aliyeapa kwa jina lake, alikuwa amesimama na sahani mikononi, haitikisiki.

"Hii," akasema Mzee. "Hii ndiyo yenyewe. Mombasa walikuwa wanafinya hivi hivi."

Alikula mitano. Ogutu alikula mitatu, akasema polepole kwamba kwa miaka saba ya Kilindini hajakutana na kitu kama hiki, na sioni jinsi mtu anavyoweza kusifu zaidi ya hapo.

Saa kumi nilimsindikiza Mzee, yeye akikokota baiskeli, mimi pembeni. Tulipopita soko alisimama. Alitazama huku na huku. Akaniambia, "Mwanangu, nina jambo. Leo nilikuwa natetemeka usije ukaniuliza mtaa." Mombasa hajafika. Miaka ile miwili aliwekwa kulinda stesheni ya Voi. Kila siku aliona treni zikishuka pwani, na abiria wakirudi wakisimulia mishikaki. Aliporudi Gulu watu walimuuliza habari za Mombasa, na hakutaka kuwavunja moyo. Mwaka huu ni wa kumi na saba tangu hapo.

Macho yake yalikuwa na maji. Mzee mzima, sajenti. Moyo wangu ulijaa. Nikaona hii ndiyo saa. Nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili, nikamwambia asijali. Siri yake itakufa na mimi. Na kwa kuwa mimi nimekaa huko, nitamfundisha mitaa yote, ili tangu leo asitetemeke mbele ya mtu yeyote.

Nikamfundisha hadi barabara kuu. Aliniita mwanangu mara nne.

Jumatatu, 14 Oktoba

Aber anajua.

Aliniambia asubuhi, akinichana nywele, kwa hiyo sikuweza kukimbia. Alijua tangu uchumba. Nilimwambia siku ile kwamba nikiwa Mombasa nilikuwa nakunywa maji ya bahari. Yeye hajaiona bahari, lakini amefundishwa shuleni kwamba ina chumvi. Ya Voi pia anayajua. Mke wa Mzee aliyasimulia kabla hajafariki, na ukoo mzima unayajua, na hakuna anayemwambia.

Nikamuuliza kwa nini basi aliapa. Akasema aliapa kwamba mimi ni mtu wa kweli. Katika kiapo Mombasa hakuitaja, Mzee ndiye aliyeongeza.

Nilimwomba msamaha, na nilimaanisha. Akasema haombi mengi. Anaomba nijifunze neno moja, "sijui." Nilitumie kama dawa, mara moja kwa siku, kila siku, mpaka nizoee. Hivyo ndivyo anavyowafundisha watoto wake, neno moja kwa siku. Nikaapa. Akaniambia nijaribu. Nikasema sijui kupika chapati. Ilitoka kwa shida, kama jino, lakini ilitoka. Akanipigia makofi.

Mume mpya kabisa. Nahisi mwepesi. Nimetembea hadi stesheni nikiwatazama waongo wote wa Kampala kwa huruma.

Jumanne, 15 Oktoba

Asubuhi Aber aliuliza kama mvua itanyesha. Nikasema sijui. Safi, bila kusita. Alifurahi sana.

Adhuhuri Mzee Otema alipita stesheni. Anakwenda Gulu kwa mambo ya dada yake, harudi hadi Jumapili, na baiskeli haiwezi kupanda basi. Hamwamini mtu yeyote Ntinda. Ameniachia mimi. Alisema mbele ya makarani wote kwamba mtu wa pwani ni mtu wa amana. Alinionyesha jinsi ya kuifuta. Nimeikokota nyumbani polepole, watu wakigeuka.

Jioni, mgeni mlangoni. Koplo Ongom, mume wa Concy, na sare yake, ameshika kofia kwa adabu. Mkewe amemweleza kila kitu. Jumamosi hii kuna sherehe kambini kwao, watu mia mbili, na wakubwa watakuwepo. Amesikia pia kutoka kwa Ogutu kwamba mishikaki yangu haina mfano duniani. Je, najua kuchomea watu mia mbili?

Naapa nililitafuta lile neno. Lilikuwa hapo hapo kwenye ulimi. Lakini dawa ni mara moja kwa siku, na ya leo nilikuwa nimeshaitumia asubuhi kwa mvua.

Nikamwambia huko Mombasa mia mbili ni jamaa tu.

Alinishika mkono kwa nguvu. Halafu akauliza kuhusu daftari la zamani la yule Mhindi, la Kigujarati, kama naweza kumsomea. Nikasema alete.

Aber bado yuko kwa rafiki yake. Sijamwambia. Nataka iwe furaha ya ghafla. Nimeshaona uso wake akiwa amekaa safu ya mbele, gauni la bluu, na wakubwa wakiuliza huyu fundi ni mume wa nani. Mapapai nitayatia Ijumaa asubuhi, ili safari hii yapate muda wa kutosha.

Kazi iliyobaki ni vijiti. Nimekaa hapa ninaitazama baiskeli ya Mzee. Imesimama ukutani, inang'aa, haina la kufanya hadi Jumapili. Nyuma arobaini, mbele thelathini na mbili. Baiskeli iliyosimama tu, nauliza kwa nia njema, inazifanyia nini zote hizo?